Kichwa Kina Jina, Dereva Hana

Ziko picha za treni ambazo ukiona moja umeziona zote. Uwanda mtupu, nyasi za njano, mawingu yamepangika kama mapambo ya harusi, na katikati inakuja treni ya mizigo. Inaonekana mbele kidogo na ubavuni kidogo. Jua liko mgongoni mwa mpiga picha, behewa la mwisho limeenea ndani ya picha, hakuna nguzo iliyokatiza wala mtu aliyepita. Wapenzi wa treni wa Ulaya na Marekani wameufanya mtindo huu kuwa kama sheria ya dini, na wapo wanaokaa juani kutwa nzima wakiingoja treni moja. Tambarare ndiyo wanayoipenda zaidi, maana kule hakuna kilima wala msitu wa kuziba. Moshi unauona zamani kabla hujauona mtambo wenyewe.

Mimi sina ugomvi na uzuri. Picha hizo ni nzuri, tena nyingine zinakufanya utake kuacha kazi upande behewa uende popote. Ugomvi wangu ni mdogo tu, nao ni huu: nani anaendesha? Hebu itazame tena picha hiyo. Dirisha la dereva ni tundu jeusi. Mzigo umefunikwa. Uwanda umefagiwa watu wote, utadhani reli iliota yenyewe kama nyasi.

Utaniuliza, ndugu msomaji, gazeti la hadithi na mashairi linatafuta nini kwenye picha za treni? Subiri, tutafika. Kwanza nikuonyeshe mtu aliyepiga treni za mizigo za tambarare kwa namna nyingine.

Anaitwa Jack Delano. Alizaliwa Ukraine mwaka 1914, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, akafariki Puerto Rico mwaka 1997. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mpiga picha wa serikali ya Marekani, na Machi 1943 alisafiri na treni za mizigo za kampuni ya reli ya Santa Fe, kutoka Chicago mpaka California, zaidi ya kilomita 3,500. Hakusimama kando ya reli kungoja treni ipite. Alipanda. Akapita nazo tambarare za Kansas, Oklahoma na Texas, akiwa mara nyingi kwenye behewa la nyuma kabisa, lile la gadi, ambamo wafanyakazi hula, huandika na kupumzika.

Sasa tazama tofauti inayoletwa na mahali mtu alipokaa. Aliyesimama nje anaona treni. Aliyekaa ndani anaona kazi. Delano anakuonyesha gadi ameinama mezani anajaza karatasi zake. Anakuonyesha treni imesimama Melrose, New Mexico, kwenye uwanda usio na kitu, si kwa sababu pale pana mandhari, bali kwa sababu mtambo umeishiwa maji. Jambo dogo, lakini linabadilisha kila kitu. Kumbe treni nayo ina kiu! Kumbe mji umekaa pale ulipokaa kwa sababu ya tangi la maji! Uwanda uliokuwa pazia la nyuma unageuka kuwa mahali watu wanapoishi na kuchoka.

Picha yake ninayoipenda kuliko zote haina hata treni. Aliipiga Aprili 1943 huko Clinton, jimbo la Iowa, nchi ya mahindi. Wanawake wamekaa mezani kwenye chumba chao cha mapumziko wanakula chakula cha mchana. Wamevaa ovaroli, wamefunga vitambaa kichwani, masizi yamewakaa. Kazi yao ilikuwa kusafisha vichwa vya treni ndani ya karakana. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda vitani, na mtambo wa mvuke haujui habari za vita, usiposafishwa unagoma. Katika picha nyingine ya karakana hiyohiyo, mama mmoja amesimama ameshika bomba, anakiosha kwa mvuke wa moto kichwa kikubwa kuliko nyumba. Mtambo umo kwenye picha, tena mzima. Lakini jicho linakwenda kwa mama.

Na jambo linalonifanya nimwite Delano mwandishi, si mpiga picha tu, ni maelezo aliyoyaweka chini ya picha zake. Huyu ni fulani bin fulani, kazi yake hii, reli ya kampuni hii, mji huu, jimbo hili, mwezi huu. Mara nyingine anaongeza kwamba ni mama wa watoto kadhaa. Mistari miwili basi. Hakuna "upepo wa historia ukivuma", hakuna "mnyama wa chuma akinguruma". Jina na kazi. Picha hizo leo zimehifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, na mjukuu wa yule mwosha mitambo anaweza kwenda kumtafuta bibi yake kwa jina akampata.

Nisimpambe kupita kiasi. Kitengo chake kilikuwa kimehamishiwa kwenye ofisi ya serikali ya habari za vita mwaka 1942, na kazi ya ofisi hiyo ilikuwa kuonyesha taifa linachapa kazi kwa moyo mmoja. Ndiyo maana katika picha zake zinazojulikana zaidi ni shida kumpata mtu aliyenuna. Gadi ametulia, mama anatabasamu, mabehewa yamejaa. Mshahara haupigiki picha, wala swali la nani hupandishwa cheo na nani huachwa kwenye ufagio miaka yote. Delano alitupa majina, lakini malalamiko hakutupa. Mchambuzi anayemsifu bila kulisema hili anafanya propaganda ya pili juu ya ile ya kwanza.

Sasa turudi kwetu, maana picha za ule mtindo wa kwanza nasi zimetufikia. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda mitambo 34 ya mvuke kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Ni ile ya aina ya Garratt, daraja la 59, yenye magurudumu mbele na nyuma na tangi la mvuke likining'inia katikati. Mmoja ulikuwa na uzito wa tani zipatazo 252, na haijapata kuundwa mitambo ya mvuke yenye nguvu kuliko hiyo kwa reli ya upana wa mita moja. Ilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, ikipita nyika ya Taru na Tsavo mpaka tambarare za Athi. Wageni wenye kamera walikuja kuifuata kama wanavyomfuata simba.

Mitambo hiyo ilipewa majina ya milima. Kati ya mwaka 1973 na 1980 yote iliondolewa kazini. Miwili ukitaka kuiona iko Makumbusho ya Reli Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, Gelai kaskazini karibu na Ziwa Natron, Shengena kule Upare. Bamba la jina lipo, namba ipo, jina la kiwanda lipo. Mtu yeyote anaweza kukuambia tani ngapi na magurudumu mangapi.

Haya, niambie jina la fayamani mmoja. Mmoja tu.

Hapo ndipo picha ya mtambo uliohifadhiwa inapokuwa ya hatari kuliko ya mtambo unaokwenda. Mtambo ukiwa barabarani, hata kama dereva haonekani, akili inakwambia yumo. Ukishasimamishwa, ukaota nyasi kwenye magurudumu na kutu kwenye ngazi, mpiga picha anapata alichokuwa akikitaka tangu mwanzo, yaani treni isiyo na watu kabisa. Anasogeza lenzi kwenye kutu, anasubiri jua la jioni, anatupa huzuni tamu. Tunapiga makofi. Lakini tunahuzunikia nini? Chuma? Chuma hakina pensheni. Chuma hakikuhamishwa stesheni baada ya stesheni na watoto wakabadilishwa shule. Ile huzuni ingekuwa na maana kama tungejua ngazi ile ilichakazwa na viatu vya nani.

Na historia haikuwa kimya namna hiyo. Reli hizo za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja tangu mwaka 1948. Mwaka 1960, wakati mitambo hiyo bado inang'aa, wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Zaidi ya miezi miwili, jamani! Ukipekua vitabu vya picha za reli zetu utakuta Garratt alfajiri, Garratt machweo, Garratt na twiga. Mgomo utautafuta kwingine. Wapiga picha hawakusema uongo. Walichagua mahali pa kusimama tu.

Nilikuahidi tutafika kwenye hadithi na mashairi. Tumefika. Hesabu hadithi za vijana wenzetu ulizozisoma zenye treni ndani yake. Treni inapiga honi, msichana anapunga kitambaa, mabehewa yanatokomea kwenye upeo wa macho, mwisho. Huo ni mtindo uleule wa jua mgongoni! Treni imekuwa pambo la kuagana. Hatujui imebeba saruji au pamba, hatujui gadi amelala saa ngapi, hatujui kwa nini imesimama porini usiku. Mwandishi kasimama nje ya reli na daftari lake, anangoja ipite.

Hata sasa tunarudia. Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa, na mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam, simu zote zilielekezwa puani mwa treni. Pua imechongoka, inapendeza, safi. Mimi mwenyewe naipenda. Ila miaka 40 ijayo mwanafunzi atakayetaka kujua kazi ilikuwaje ndani ya kile chumba cha mbele atakuta pua elfu moja na mtu hata mmoja hamna.

Kuna watakaonijibu kwamba sanaa si orodha ya wafanyakazi, kwamba msanii ana haki ya kupenda umbo, mstari na mwanga. Sawa, anayo. Lakini tazama tena picha ya wanawake wa Clinton: mwanga upo, umbo lipo, rangi za vitambaa zimepangika kuliko mawingu yoyote ya uwandani. Jina la mtu halikuuharibu uzuri wake. Limeufanya usiweze kuazimwa na kuhamishiwa picha nyingine. Machweo ya Kansas unaweza kuyabandika Athi na asigundue mtu. Yule mama mwenye bomba la mvuke huwezi kumhamisha.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa wanaotuma kazi zao kwenye kurasa hizi, hasa mlio karibu na reli: Voi, Nakuru, Morogoro, Tabora, Kigoma. Wazee waliofanya kazi kwenye mvuke wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua. Nenda kwa mmoja. Usimuulize habari za "enzi hizo", atakupa hotuba. Muulize alikuwa anakula nini njiani, nani alimwamsha zamu ya saa tisa usiku, mkono upi uliungua na uliunguzwa na nini. Ukipata ruhusa yake, andika jina lake, kazi yake, stesheni yake na mwaka. Mistari miwili inatosha kwa kuanzia. Hadithi utaijenga juu ya hiyo, na ukitaka kuweka machweo baadaye, weka.