Kazi Nzuri ya Taa Iko Juu ya Dari

Ukiingia leo kwenye nyumba mpya Dar es Salaam, iwe Goba, Kigamboni au Bunju, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa sebuleni ni dari ya jipsamu yenye taa zilizozama ndani yake. Watu hutazama juu, husifia mistari iliyonyooka na mwanga uliotulia, kisha hulipa. Mimi naomba tuitazame kazi hii kwa upande wa pili, kule juu ya bodi, kwenye nyaya, viungo na joto. Huko ndiko inakoamuliwa kama taa zitadumu na kama familia italala salama.

Nitaeleza kazi moja iliyofanywa vizuri. Ni sebule ya mita 5 kwa 4, nyumba ya paa la bati, na dari iko mita 2.8 kutoka sakafuni. Fito za kubebea bodi ni mbao za inchi mbili kwa mbili, zimepigwa kila baada ya sentimita 60 kwa urefu na kwa upana wa chumba. Fundi umeme aliitwa kabla bodi hazijapandishwa. Uamuzi huo peke yake ulimaliza nusu ya matatizo, kwa sababu fito zilikuwa wazi na kila mtu aliona nini kiko wapi.

Kwanza ni hesabu ya mwanga. Wengi huchagua idadi ya taa kwa kupendezwa na picha, ndiyo maana sebule nyingi zina taa 16 zinazoumiza macho, au 4 zinazoacha pembe gizani. Fundi huyu alianza na kiasi cha mwanga kinachotakiwa. Kwa sebule ya kukaa na kuzungumza, laksi 150, yaani lumeni 150 kwa kila mita ya mraba, zinatosha. Eneo ni mita za mraba 20, kwa hiyo inatakiwa lumeni 3,000 zifike pale watu walipo. Lakini si mwanga wote wa taa unaofika. Sehemu humezwa na kuta na mapazia, na taa nazo hufifia kadiri zinavyozeeka na kushika vumbi. Alikadiria kwamba asilimia 60 ndiyo itakayofika, akatenga tena asilimia 20 kwa ajili ya uchakavu. Ukigawa 3,000 kwa 0.6 na kwa 0.8, unapata lumeni 6,250. Taa aliyoichagua ni ya LED ya wati 9 inayotoa lumeni 800. Jibu ni taa 7.8, yaani 8, katika mistari miwili ya taa nne nne, kila mstari na swichi yake, ili anayetazama televisheni asilazimike kuwasha chumba kizima.

Taa nane za wati 9 ni wati 72. Zikiwaka saa tano kila usiku, kwa siku 30 zinakula uniti 10.8. Taa za zamani za halojeni za wati 50, nane pia, zingekula uniti 60 kwa matumizi hayohayo. Tofauti hiyo anaiona kila anayenunua LUKU.

Halafu inakuja kazi ya kupanga nafasi, na hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Kanuni iliyozoeleka inasema umbali wa taa ya kwanza kutoka ukutani uwe nusu ya umbali wa taa hadi taa. Kwa urefu wa mita 5 na taa nne, hiyo ni sentimita 125 kati ya taa na taa, na 62.5 kutoka ukutani. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Lakini fito ya kwanza iko sentimita 60 kutoka ukutani, nayo ina unene wa kama sentimita 5, yaani imekaa kuanzia 57.5 hadi 62.5. Kasha la taa lilitaka tundu la milimita 110. Tundu hilo lingeanza sentimita 57 na kuishia 68. Lingekula fito nzima.

Fundi alishuka ngazi, akamwita mwenye nyumba.

“Mama, tukifuata kipimo hiki tutakata mbao inayobeba dari. Nasogeza kidogo.”

“Sogeza, fundi, ila pande zote zilingane.”

Alisogeza taa za mwanzo na za mwisho hadi sentimita 70 kutoka ukutani. Kati yao zikabaki sentimita 360, ambazo zimegawanyika mara tatu za 120 kila moja. Angalia uzuri wa namba hiyo: 120 ni mara mbili ya 60. Kwa hiyo kila taa iliangukia sentimita 10 baada ya fito, zote nne, bila kugusa mbao hata moja. Upande wa upana, mistari ilikuwa ikae mita 1 na mita 3 kutoka ukutani, lakini kwenye mita 3 kuna fito nyingine. Akaivuta mistari hadi sentimita 110 na 290. Hakuna mgeni atakayeona kwamba taa zimesogea sentimita chache. Lakini kama fito zingekatwa, baada ya misimu michache dari ingeanza kulegea na kupasuka palepale penye taa.

Mahali pakishajulikana, nyaya zilivutwa. Alitumia waya wa milimita mraba 1.5 wenye njia tatu, yaani moto, nyutro na ardhi, ukilindwa na breka ya ampea 6 kwenye meni swichi. Wengine huuliza kama waya huo unatosha. Unatosha na kubaki: wati 72 kwa volti 230 ni ampea 0.31 tu. Katika kazi ya taa za LED unene wa waya mara nyingi si tatizo. Tatizo ni viungo.

Tazama kinachofanyika kwenye dari nyingi. Fundi anachuna nyaya mbili, anazisokota kwa koleo, anazungushia tepu nyeusi, anaziacha zikining’inia juu ya bodi. Siku ya kukabidhi taa zinawaka vizuri. Lakini chini ya bati, joto la mchana huyeyusha gundi ya tepu, tepu inajifungua, na shaba inabaki wazi juu ya mbao kavu. Panya nao wanapita hapo kila usiku. Kiungo chenyewe, kwa kuwa hakikukazwa na kitu, kinalegea na kushika kutu, na taa inaanza kupepesa. Mwenye nyumba anadhani taa ni feki, ananunua nyingine, nayo inapepesa.

Katika kazi hii kila kiungo kilikaa ndani ya boksi dogo la plastiki lenye kifuniko, nyaya zikibanwa na konekta, na boksi likafungwa kwenye fito kwa skrubu. Kila ncha iliachiwa waya wa ziada wa kama sentimita 30, ili siku ya kubadilisha taa, iweze kuvutwa chini na kufunguliwa mkononi bila kung’oa kitu. Waya wa ardhi ulifikishwa kwenye kila taa na kufungwa vizuri, ijapokuwa taa zenyewe zilikuwa na alama ya miraba miwili, moja ndani ya nyingine, maana yake zina kinga maradufu na hazihitaji ardhi. Sababu ni ya busara: mwenye nyumba akija kubadilisha miaka kumi baadaye na kuweka taa ya chuma, ardhi ataikuta inamsubiri.

Jambo la swichi linastahili maneno machache. Swichi lazima ikate waya wa moto. Ikikata nyutro, taa itazimika, na asiyejua ataridhika, kumbe umeme bado umesimama kwenye taa, ukimsubiri atakayepanda ngazi kuibadilisha. LED zina tabia ya kufichua kosa hili: usiku, swichi ikiwa imezimwa, taa hubaki na mwanga hafifu au humweka kila baada ya muda. Umeme kidogo sana hupenya kutoka waya wa moto hata bila njia kamili, ukajikusanya ndani ya draiva, kile kifaa kinachoilisha LED umeme, hadi ukatosha kuiamsha taa. Si kila mwanga hafifu unatokana na kosa hilo, kwa maana swichi yenye kitaa kidogo ndani nayo huuleta. Lakini ukiuona nyumbani kwako, usiupuuze. Ita fundi apime kabla mtu hajagusa taa.

Bodi zilipandishwa, skimu ikapigwa, na matundu yakatobolewa kabla ya rangi ya mwisho. Fundi alijaribu kwanza msumeno wake wa duara kwenye kipande cha bodi kilichobaki, akaiweka taa humo, akaona ukingo wake wa milimita 125 unafunika tundu kila upande. Nafasi ya kukosea ni ndogo: milimita 7.5 tu pembeni. Kisha akapima kutoka ukutani kwa vipimo alivyoandika zamani fito zikiwa wazi, akatoboa kwa mwendo wa taratibu, miwani usoni, bakuli la plastiki likiwa limekingwa chini ya drili kupokea vumbi.

Sasa nije kwenye hatua ninayoiona kuwa moyo wa kazi nzima, nayo ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kabla ya kuunganisha taa hata moja, nyaya zilipimwa kwa mega. Hiki ni kipimo kinachosukuma volti 500 kwenye waya na kuonyesha kama ngozi yake inazuia umeme kuvuja. Nyaya za moto na nyutro ziliunganishwa pamoja, zikapimwa dhidi ya ardhi. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaohmu 1, na waya mpya mzima hutoa namba kubwa zaidi ya hiyo. Kupima kabla ya kufunga taa kuna maana yake: draiva za LED zina vifaa vya kielektroniki vinavyoweza kupotosha kipimo au kuharibiwa na volti hizo.

Mstari wa kwanza ulisoma zaidi ya megaohmu 200. Mstari wa pili ukasoma 0.3.

Walitafuta wakapata. Skrubu ya fundi jipsamu ilikuwa imepita pembeni ya fito na kuchubua waya, ikagusa ardhi na kukwaruza ngozi ya waya wa moto, na bodi bado ilikuwa na unyevu wa skimu. Sasa fikiria kama wasingepima. Kwa megaohmu 0.3 na volti 230, umeme unaovuja haufiki hata miliampea 1. Breka isingeanguka. Hata kifaa cha kukata umeme kwa uvujaji wa miliampea 30 kisingeshtuka. Taa zote nane zingewaka, mwenye nyumba angeshukuru, na waya uliojeruhiwa ungebaki juu ya kichwa cha familia ukichakaa mwaka hadi mwaka. Kipande hicho cha waya kilibadilishwa siku ileile, kikapimwa upya, ndipo taa zikafungwa. Macho yasingeliona kosa hilo kamwe.

Katika kufunga, springi mbili za kila taa zilielekezwa zisigonge mbao za karibu, na draiva ikalazwa pembeni, mbali na mgongo wa taa. LED haitoi joto kama halojeni, lakini joto inalo, na linatokea nyuma, upande wa dari. Draiva ina kapasita ambazo, kwa kanuni wanayoitumia wahandisi, maisha yake hupungua kwa nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Taa ya nyumbani ina bahati ya kuwaka usiku, bati likiwa limepoa. Kwa ofisi au duka linalowasha mchana, hesabu ni kali zaidi. Aliyeweka sufi ya kuzuia joto juu ya dari lazima aache nafasi kuizunguka taa, isipokuwa kama imetengenezwa kwa ajili ya kufunikwa.

Serikali imeweka utaratibu. Tanzania Bara mafundi hupewa leseni na EWURA, na Kenya na EPRA. Lakini dari ya jipsamu mara nyingi huja baadaye, umeme ukiwa umeshaingia ndani, na hakuna mkaguzi anayerudi kutazama. Kwa hiyo mlinzi wa mwisho ni wewe mwenye nyumba. Dai kuona leseni kabla ya makubaliano. Dai mchoro wenye vipimo vya kila taa na fito, na picha za nyaya na viungo kabla bodi hazijaziba. Simama karibu mega inapowekwa, uone namba kwa macho yako, na iandikwe kwenye karatasi yenye tarehe na sahihi ya fundi. Fundi anayejiamini atafurahi kuulizwa, kwa sababu kazi yake nzuri zaidi iko mahali ambapo bila maswali hayo hakuna atakayeiona. Malipo ya mwisho yatoke karatasi hiyo ikiwa mkononi mwako.