Deni kwa Stan Musial

Wapenzi wa besiboli ya Marekani wakianza kuwataja mabingwa wa kale, utawasikia wakimtaja Babe Ruth, kisha Joe DiMaggio, kisha Ted Williams. Stan Musial hukumbukwa baadaye, akikumbukwa. Naona hiyo ni dhuluma, na ninayemtetea ni fundi.

Mrushaji husimama mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji, na mpira wake mkali hufika kabla nusu sekunde haijatimia. Katika muda huo mpigaji aamue kuupiga au kuuacha, kisha fimbo ya mviringo ikutane na mpira wa mviringo. Musial alieleza kwamba alikariri kasi ya kila mrushaji wa ligi, kwa kila aina ya mpira aliyoirusha. Mpira ukishakata mita tisa za kwanza, alikwisha kuutambua kwa kasi yake na kujua utapinda vipi. Huo ni usomi kamili. Alisimama akiwa ameukusanya mwili: miguu imekaribiana, magoti yamekunjwa, mgongo nusura umwelekee mrushaji, macho yakichungulia juu ya bega la kulia. Halafu vyote vikafyatuka kwa pamoja.

Wala hakuanza na fimbo. Mtoto huyu wa mhamiaji kutoka Poland, aliyezaliwa 1920 katika mji wa viwanda wa Donora, Pennsylvania, aliajiriwa kama mrushaji. Mwaka 1940 alianguka akiuwania mpira, akaumia bega la kushoto, lile lile la kurushia. Mwaka uliofuata alikuwa St. Louis Cardinals, akipiga, na hakuihama timu hiyo hadi alipostaafu 1963.

Alimaliza na mapigo safi 3,630: nyumbani 1,815, ugenini 1,815. Sijaizoea hesabu hii hata leo. Kila mpenda michezo anajua uwanja wa nyumbani unavyombeba mtu, kwa kelele zake na kwa kitanda alicholalia usiku. Yeye alipiga vile vile popote, kwa zaidi ya miaka ishirini. Na katika michezo 3,026, mara alizotolewa kwa kukosa mipira mitatu ni 696 tu. Wapo wapigaji wa siku hizi wanaoivuka idadi hiyo ndani ya misimu minne.

Umaarufu hupenda kisa kimoja cha kusimulia. DiMaggio anacho: michezo 56 mfululizo ya 1941, kila mmoja na pigo lake. Williams anacho: wastani wa .406 mwaka ule ule. Nao walichezea New York na Boston, palipo na magazeti makubwa. Musial, mwaka 1948, aliongoza ligi yake karibu katika kila kipengele cha upigaji, akapungukiwa na mpira mmoja tu wa kuvusha uzio ili awe kileleni hapo pia. Nani anausimulia msimu huo?

Mwaka 1999, mashabiki walipochagua kikosi cha karne, hakupata kura za kutosha. Jopo maalumu likamwongeza. Lakini waliomwona kwa macho hawakuhitaji jopo. Jina la Stan the Man alipewa mwaka 1946 na mashabiki wa Brooklyn, watu wa timu pinzani, aliokuwa akiwaadhibu kila alipofika uwanjani kwao.