Gia 14 na Habu Ridaksheni: Volvo FMX ya Kazi Ngumu

Usianze na kabini. Piga magoti kwanza, chungulia chini ya bodi. Utajiri wa tipa hii ya Volvo FMX 6x4 uko huko, na mimi niliinuka na vumbi magotini, hamu ya kukaa kwenye usukani imeniisha kwa muda.

Tazama habu! Ekseli zote mbili za nyuma ni za habu ridaksheni. Difu inapunguza mwendo kidogo tu, kisha gia za sayari zilizo ndani ya gurudumu lenyewe zinamalizia kazi. Kwa hiyo ule msokoto mkubwa unazaliwa mwishoni kabisa, karibu na tairi, na hafu shafti haziuonji wote. Difu nayo inatengenezwa ndogo, tumbo la gari linapita juu ya mawe. Fundi aliyewahi kuchomoa hafu shafti iliyokatika machimboni, mvua inamnyeshea mgongoni, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa njoo kwenye gia boksi, hapa ndipo moyo ulipoenda mbio. I-Shift ya kawaida ina gia 12 za mbele. Mwaka 2016 Volvo wakaiongezea gia za kutambaa, hadi mbili, zikawa 14. Gia ya chini kabisa inafikia uwiano wa 32:1, wakati gia ya kwanza ya kawaida kwenye boksi la ovadraivu iko karibu na 12:1. Chukua injini ya lita 13 yenye farasi 540 na msokoto wa Nm 2,600. Zidisha kwa 32, kisha zidisha kwa uwiano wa ekseli, tuseme 4: kabla ya kutoa kinachopotea njiani, unapata zaidi ya Nm 330,000 kwenye magurudumu. Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, gari linasogea kama mita 15 tu kwa dakika hiyo nzima. Unaweza kutembea pembeni yake ukikagua tairi moja moja!

Mwaka huohuo, bandarini Gothenburg, Magnus Samuelsson, bingwa wa dunia wa watu wenye nguvu wa 1998, aliendesha Volvo FH16 yenye gia hizi ikavuta msururu wa makontena wa tani 750, urefu wake karibu mita 300. Ilisogea mita 100.

Najua utaniuliza: tani 750 za nini, wakati mizani zetu za Afrika Mashariki zinaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na 18 kwa zile mbili za nyuma? Lakini uzito ni nusu tu ya habari. Tipa iliyojaa kokoto ikisimama katikati ya mlima wa udongo mwekundu uliolowa, kitakachoamua ni namna itakavyoondoka. Gia ikiwa ndefu, dereva anachezea klachi, klachi inaungua, harufu inafika hadi kwa utingo. Gia ikiwa fupi hivi, klachi inashika mara moja na gari linaondoka bila kurushwa. Ongeza difu loki, ya kati ya ekseli na ya kati ya magurudumu, na tairi moja ikiteleza nyingine zinaendelea kusukuma.

Gharama zipo. Habu ridaksheni ina uzito wake, ina oili yake ya kubadilishwa kwa kila gurudumu, na gia zote hizo zinakula dizeli kidogo zaidi kwenye lami. Kwa safari za kurudi mtupu, tangu 2015 Volvo wana mfumo wa kukata na kuinua ekseli ya pili ya kusukuma kwenye baadhi ya 6x4, na wanasema unaokoa hadi asilimia 4 ya mafuta. Ningeuulizia.

Kama kazi yako ni Dar hadi Tunduma, lami mwanzo mwisho, chukua ekseli ya ridaksheni moja yenye uwiano mrefu, uweke akiba ya dizeli mfukoni. Kama ni machimbo, mabwawa, misitu au kubeba transfoma, agiza FMX yenye habu ridaksheni na gia za kutambaa, na uwiano wa difu uuandikishe kwenye oda kabla hujauliza farasi.