Kuchagua Fikasi ya Ndani

Kwenye vitalu vya kando ya barabara, Nairobi hata Dar es Salaam, fikasi inayonunuliwa upesi ni ile iliyosimama juani, majani yamesongamana na kung'aa. Hiyo mimi naipita. Ficus benjamina, ndugu wa mkuyu ingawa asili yake ni Asia na Australia ya kaskazini, huota majani kulingana na mwanga inaoupata. Ya juani huwa madogo na manene. Ya kivulini huwa mapana, membamba, yenye kijani kilichokolea. Jani lililokomaa juani haligeuki kuwa la kivulini. Mti huo ukiingia sebuleni huyapukutisha na kuanza upya, na si kila mti una nguvu hiyo.

Kwa hiyo muulize muuzaji: umekaa muda gani chini ya wavu wa kivuli? Miezi miwili mitatu inaniridhisha. Kisha usitegemee maneno yake. Penua matawi uchungulie karibu na shina. Majani ya huko ndani yakiwa hai na yenye rangi, mti umeshazoea mwanga hafifu. Ukikuta vijiti vitupu vilivyofunikwa na majani ya nje, uache, hata ukipunguziwa bei.

Tikisa shina taratibu. Jani moja moja la manjano si neno, lakini ya kijani yakidondoka mti uko taabani. Geuza jani utafute wadudu wanaofanana na magamba ya kahawia kwenye mshipa wa kati, au majimaji yanayonata wanayoyaacha. Kwa mashina ya kusukwa, angalia waya uliosahauliwa ukakata gome. Kovu hilo halifutiki.

Nyumbani, uweke penye mwanga mwingi, mbali na upepo wa kiyoyozi, na usiuhamishehamishe. Mwagilia udongo wa juu ukishakauka, mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyotuama kwenye sahani.

Majani yakianza kuanguka, wengi hukimbilia ndoo. Hapo ndipo fikasi nyingi hufia: mti wenye majani machache hunywa kidogo, udongo unabaki chepechepe, mizizi inaoza. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha. Ukiona kijani, tawi ni zima. Punguza maji, uache mti palepale ulipo, na uupe wiki kadhaa za kuchipua.