Funga, Zima, Ondoa: Uhakiki wa Istilahi za Kupambana na Matangazo Yasiyotakiwa

Tumepata kusoma maelekezo kadhaa ya Kiswahili yanayomfundisha mtumiaji wa kompyuta namna ya kuyaondoa matangazo yanayomjia bila ya kuyaomba. Nia ya waandishi wake ni njema, na kazi yao yastahili shukrani. Hata hivyo, sisi tunaoshughulika na istilahi hatuna budi kuuliza: je, mtu asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili, akiyafuata maelekezo hayo neno kwa neno, atafika? Kwa maoni yetu, mara nyingi hatafika, na kosa halitakuwa lake. Litakuwa la maneno.

Kwanza tuieleze dhana yenyewe, madhali istilahi haihakikiwi kabla ya kujulikana kitu inachokitaja. Kivinjari ni programu ya kusomea kurasa za intaneti. Neno hili tunaliunga mkono, kwani limetokana na kitenzi vinjari, kitumikacho kwa chombo kinachozungukazunguka baharini kikichunguza. Ndani ya kivinjari huweza kusakinishwa programu ndogo za kukiongezea uwezo, na nyingi kati yao hupewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha yaliyomo katika kurasa. Laghai huitumia ruhusa hiyo kupenyeza matangazo yake. Msomaji hudhani kuwa gazeti analolisoma ndilo lililoyaweka, kumbe mwenye gazeti hana habari wala hapati hata senti moja.

Jambo hili si dogo. Mnamo Januari 2014, Google iliziondoa katika duka lake programu mbili za namna hiyo, Add to Feedly na Tweet This Page. Zilikuwa zimeuzwa kwa wamiliki wapya, nao wakazigeuza kuwa vyombo vya matangazo. Mabadiliko yakawafikia watumiaji yenyewe, bila ya wao kufanya lolote. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilitangaza kuwa zaidi ya asilimia 5 ya watu waliotembelea tovuti zake walikuwa na angalau programu moja ya kupenyeza matangazo, na kwamba ilikuwa imezizima programu 192 za hila zilizowagusa watumiaji milioni 14.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe.

(a) Kiendelezi. Ndilo jina la programu hizo katika Chrome ya Kiswahili. Kasoro yake ya kwanza ni kuwa kitenzi endeleza kina kazi nyingine katika lugha yetu: kuendeleza neno ni kulitaja au kuliandika herufi kwa herufi. Msomaji wa rika la wazee wetu akiambiwa atafute kiendelezi, huenda akatazamia chombo cha tahajia. Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Neno hili ni ndugu wa maendeleo, nalo limebeba sifa njema. Nani atakishuku kitu kinachoitwa kiendelezi? Sisi wenyewe tungependelea kipachiko, kwa sababu kupachika huonyesha wazi kuwa kitu kimetoka nje kikatiwa mahali pasipokuwa pake asilia.

(b) Kirusi. Baadhi ya waandishi huiita programu laghai kirusi. Hili si sahihi. Kirusi hujizalisha na kuenea chenyewe. Programu tunayoizungumzia kwa kawaida husakinishwa na mtumiaji kwa mkono wake, au huingia pamoja na programu nyingine aliyoitaka. Anayeambiwa kuwa ana kirusi hukimbilia kutafuta dawa ya virusi, wala hakumbuki kuuliza: ni nani niliyempa ruhusa?

(c) Funga. Hapa ndipo tulipoona hatari kubwa. Fundi akifunga umeme au mtambo, ameuweka. Mtu akifunga dirisha, amelizuia. Maana zote mbili ni za Kiswahili safi. Lakini maelekezo yasemayo "funga kiendelezi" yanaweza kumwelekeza mtu kukiweka kile kile alichotaka kukitoa! Tunashauri funga libaki kwa madirisha na kurasa tu, na kwa kuweka programu tutumie sakinisha. Aidha, neno hili lina faida nyingine: lililosakinishwa ni lile lililopewa makao, na aliyepewa makao aweza kuhamishwa.

(d) Zima, ondoa na futa. Maneno haya hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Taa iliyozimwa ingali ukutani. Vivyo hivyo programu iliyozimwa ingali ndani, nayo yaweza kuwashwa tena. Kuondoa ni kuitoa kabisa. Kufuta kunahusu kumbukumbu za kurasa zilizotembelewa, na mtu aweza kuzifuta kila siku ilhali mwenye kuleta matangazo amekaa kitako.

Je, tuamuru basi kwamba kiendelezi kiachwe? Tumelifikiri jambo hili kwa muda, na jibu letu ni hapana. Mtumiaji mwenye taabu ataliona neno hilo kwenye kioo cha kompyuta yake. Tukimwandikia kipachiko atakitafuta asikione. Istilahi nzuri isiyopatikana mahali pa kazi haimsaidii mtu. Kwa hiyo tunapendekeza kiendelezi kibaki, ila kamusi zieleze bayana kuwa ni programu ya ziada yenye ruhusa zake. Kile kibaya kiitwe kiendelezi laghai, na matangazo yake yaitwe matangazo ya kupenyezwa, ili yatofautishwe na yale ambayo mwenye tovuti amelipwa kwa haki.

Kwa mujibu wa mapendekezo hayo, maelekezo yangesomeka hivi: "Katika Chrome, bonyeza vitone vitatu vilivyo juu kando, ufungue orodha ya viendelezi. Zima vyote. Kisha washa kimoja kimoja, ukiutazama ukurasa ule ule kila mara. Kitakachorudisha matangazo ndicho kiendelezi laghai, kiondoe. Kikirudi chenyewe baada ya kuondolewa, tafuta programu iliyosakinishwa katika kompyuta inayokirudisha, uiondoe hiyo kwanza."

Sentensi ni chache, na hakuna neno linalofanya kazi mbili. Lawama ya hali iliyopo ni yetu pia, kwani vitu hivi viliingia nyumbani mwa watu kabla hatujavipa majina ya kuaminika. Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa mafundi wanaoyasikia maneno haya vinywani mwa wateja wao kila siku, tunawaomba watuandikie.