Pongezi kwa Wasaga Liwa

Ganze ni eneo kavu, na asumini haistawi kwa urahisi huku. Kwa hiyo harusi ikikaribia, watu hushuka Kilifi au Malindi kuwatafuta akina mama wanaojua kusaga liwa na kuchanganya singo. Kazi yao yastahili pongezi, nami nazitoa kwa moyo mkunjufu.

Tazama mkono wa msagaji. Kipande cha msandali husuguliwa taratibu juu ya jiwe lililoloweshwa marashi, mpaka itoke liwa, uji mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Hutiwa karafuu ya unga, kidogo tu, maana ikizidi huchoma ngozi. Singo nayo, mchanganyiko wa kusugulia mwili, huongezwa mlangilangi, ua la manjano lenye utamu wa ndizi mbivu. Hapo mti, kiungo na ua vimekutana katika bakuli moja.

Manukato mengi ya dukani yana spiriti. Huruka haraka na kujaza chumba kizima. Liwa haina spiriti. Mafuta ya msandali hupaa polepole sana, hubaki kwenye ngozi, na anayeyanusa ni yule tu aliyeruhusiwa kukaribia. Kwangu mimi, huo ndio ustaarabu wa manukato.

Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa msandali wa porini mwaka 2007, kwa kuwa miti ilikuwa iking'olewa na mizizi yake. Kwa hiyo ukienda kununua liwa, uliza mti umetoka wapi, kisha umlipe mama aliyeisaga bei aliyoitaja.