Ukakasi, Uchachu na Mukeke wa Rumonge

Mara nyingi tumewasikia walimu wenzetu wakidai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuhukumia kinywaji mezani. Kwa sababu hiyo tafsiri zetu zimejaa "divai kavu", usemi ulionakiliwa kutoka lugha za Ulaya. Mwanafunzi huuliza, tena kwa haki yake: kitu kinachomiminwa kitakuwaje kikavu? Maana iliyokusudiwa ni divai isiyo na utamu, basi.

Tutazame Lugana, kusini mwa Ziwa Garda nchini Italia, ambako jamaa za wakulima wadogo hutengeneza divai nyeupe kwa zabibu ziitwazo Turbiana. Jina la divai hiyo limelindwa kisheria tangu mwaka 1967. Ina uchachu wa kiasi, na wenyeji huinywa pamoja na samaki wa ziwa hilohilo, waliotiwa mafuta ya zeituni yakamuliwayo papo hapo.

Je, Rumonge kukoje? Mji huu, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, una Ziwa Tanganyika mbele na michikichi nyuma. Mukeke, ambaye Kigoma huitwa mgebuka, akikaangwa kwa mawese huacha mafuta mazito kinywani, na mlaji hutamani kitu cha kuyakata. Urwarwa, pombe ya ndizi ya Warundi, hufanya kazi hiyo. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa majani, maji yake yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha yakaachwa yachache. Mwanzoni utamu hutawala, na hapo, kwa maoni yetu, urwarwa haufai kabisa kwa samaki. Uchachu ukishakolea, ndipo unapolingana na mukeke. Mtama nao huacha ukakasi kidogo ulimini.

Na hilo ndilo neno tuliloambiwa kwamba hatuna! Ukakasi ni ule mkazo wa ulimi ampatao mtu alaye bibo au ndizi mbichi. Wajuzi wa divai nyekundu ya Chianti hubishana juu yake usiku kucha. Mwalimu anayetaka kulifundisha hahitaji chupa. (Wala mkuu wa shule asingemruhusu.)

Kwa ndagala waliokaushwa juani tungechagua impeke, pombe ya mtama, kwa kuwa uchungu mdogo wa dagaa hao hugombana na uchachu wa ndizi. Wengine watatupinga, nasi hatuna neno.

Lakini tusisahau kwamba Waswahili wengi wa Rumonge ni Waislamu, na nyumbani mwao kileo hakiingii. Mukeke yuleyule hukaangwa kwa mawese yaleyale, kisha hukamuliwa ndimu. Anayeonja na kusema kwamba uchachu haujakolea, huongeza ndimu nyingine.